Picha ya Saa Mbili Kasorobo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza leo. Muuza dawa mmoja alipita kliniki akanipa shajara hii, jalada la kijani, jina la kampuni yake limechapwa kwa rangi ya dhahabu kana kwamba wao ndio waliobuni siku za wiki. Mume wangu anasema nitaichoka kabla ya wiki mbili kama nilivyouchoka ufumaji. Tutaona.

Nianze na nilipo. Mimi ni karani wa masjala katika kliniki ya mtu binafsi, huu mwaka wa kumi na tisa. Hakuna anayeingia bila kupita dirishani kwangu: jina, namba ya simu, chumba anachokwenda. Chumba namba moja ni daktari, namba mbili vipimo, namba tatu sindano na vidonda. Namba nne ni mshauri, mama mpole anayewapokea wasiopata usingizi, wanaotaka kuacha pombe, na wanandoa ambao hawajasemezana tangu mwaka jana. Daftari naliandika kwa mkono. Kompyuta tunayo, lakini mvua ikinyesha umeme hukatika, na usipokatika kompyuta yenyewe huingiwa na usingizi.

Kwa hiyo miaka mitatu iliyopita nilibuni njia. Kila siku saa mbili kasorobo asubuhi, nikishaorodhesha wenye miadi, naupiga picha ukurasa na kuutuma kwenye grupu la wafanyakazi. Kila chumba kinajua kinamngoja nani. Mkurugenzi alinisifu mbele ya wote, akasema mwandiko wangu unasomeka kuliko kompyuta. Bado najivunia.

Mabenchi yote manne yamejaa leo. Ni kazi ya mume wangu, fundi wa makochi, godoro la bluu na misumari ya shaba. Akipita hapa huyaangalia mabenchi kwanza, kisha mke.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Picha imetumwa. Mabenchi manne.

Ijumaa, 7 Machi

Mabenchi manne, na wengine wamesimama ukutani wakidondosha maji sakafuni.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi, basi nianzie dirishani.

Saa tatu alikuja mwalimu wa hesabu, mtu wa chumba namba nne, ambaye tangu mke wake afariki huja kila Jumatatu. Jana alikuwepo. Leo siyo siku yake. Hakunisalimu. Aliibandika simu yake kwenye kioo akaniuliza, "Huu mwandiko ni wako?"

Ulikuwa wangu. Ukurasa wa jana, "m" zangu zenye mkia, na kona ya chini doa la chai niliyoimwaga mwenyewe. Jina lake mstari wa sita, namba yake ya simu, na mbele yake tarakimu 4 niliyoikoleza kama kawaida yangu.

Aliniambia kwamba alipoingia darasani asubuhi alikuta ubaoni pameandikwa CHUMBA 4, na watoto arobaini wametulia kuliko walivyowahi kutulia. Aliifuta, akafundisha sehemu za kumi, akatoka, akaja moja kwa moja kwangu. Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Kufika mchana simu zilikuwa zinalia mfululizo. Siyo ukurasa mmoja. Ni kurasa ishirini na moja, tangu tarehe 14 Februari hadi jana, zote mwandiko wangu, zinapita simu kwa simu mji mzima. Watu wanatafuta jina la jirani, la bosi, la mkwe.

Jumatano, 12 Machi

Mabenchi mawili. Waliokaa wamejifunika nyuso kwa mitandio na magazeti.

Sikutuma picha. Nimekata vikaratasi na kuvipeleka chumba hadi chumba kwa miguu, kama tulivyofanya zamani. Imenichukua dakika kumi na moja. Dakika kumi na moja tu, ndizo nilizokuwa nakwepa.

Mume wangu anasema hata karakanani kwake mteja alimwonyesha, hajui kwamba fundi ndiye mume wa mwandiko. Nikamuuliza alijibu nini. Akasema alimwambia mteja kwamba kochi lake halitakuwa tayari mwaka huu. Nilicheka, halafu nikalia, na yeye akakaa pale pale na uzi mkononi.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao. Fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Bonyeza kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila tatizo, alilifungua grupu mbele ya wote akatuhesabu. Grupuni tuko kumi na saba. Chumbani tulikuwa kumi na sita, na hakuna aliyekosa.

Namba ya kumi na saba ni ya Sista Mkubwa, muuguzi wetu aliyestaafu mwaka juzi. Tulimfanyia sherehe, tukampa saa ya ukutani, tukalia. Hakuna aliyekumbuka kumtoa grupuni.

Mkurugenzi alishusha pumzi ndefu. "Basi tumempata," alisema.

Sikuipenda ile pumzi.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikwenda kwa Sista Mkubwa mwenyewe, viatu mkononi kwa jinsi barabara ilivyojaa maji. Nilimkuta anapanga nguo za watoto wachanga. Hata baada ya kustaafu wajawazito wa mtaani huanzia kwake kabla ya kwenda popote. Ndiye aliyenifundisha kazi. Mwiko wake ulikuwa mmoja: kabla ya kumuuliza mgonjwa chochote, funga mlango.

Nilipomweleza aliiweka chini nguo aliyokuwa ameishika. Laini ile, alisema, aliiacha mara tu alipostaafu, kwa sababu kila mtu wa kliniki alikuwa anampigia kuuliza funguo za kabati ziko wapi. Ana namba mpya. Ile ya zamani haijawahi kuguswa tena.

Tukaipigia pale pale, simu yangu katikati ya meza. Akapokea mwanamume, sauti changamfu. Alisema laini hiyo aliinunua dukani mwaka jana kama mpya, na tangu siku ya kwanza anapokea orodha ya majina kila asubuhi. Mwanzoni alidhani ni ya bahati nasibu.

"Mwezi uliopita nikaliona jina la mtu ninayemfahamu," alisema, "nikawa nawatumia rafiki zangu, tunacheka. Kwani nimeiba? Nyie ndio mlikuwa mnaniletea."

Akakata. Mnyama yule alisema kweli. Mwaka mzima, saa mbili kasorobo, bila kukosa hata siku moja, nilimletea. Wala sikuwahi kuangalia ni nani walio upande wa pili. Niliangalia tu kama picha imetoka vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimweleza Mkurugenzi yote. Alinisikiliza vizuri, ndiyo tabia yake. Kliniki hii aliijenga na marehemu mkewe kuanzia chumba kimoja, na picha ya mkewe iko juu ya meza ikituangalia. Kisha akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa.

Karatasi inasema kwamba muuguzi mstaafu aliondoka na nakala za daftari kinyume cha maadili, na kwamba kliniki imeshachukua hatua. Jina halikutajwa. Halihitajiki, muuguzi mstaafu tunaye mmoja. Chini pana nafasi mbili za saini, yake na yangu, kwa kuwa daftari ni langu.

Nilimwambia siyo kweli. Akasema anajua.

"Watu wakisikia mtumishi mmoja alikuwa mbaya, watasema mbaya ameshaondoka," alisema. "Wakisikia sisi wenyewe tulikuwa tunatuma kila siku bila kujua anayepokea, nani atarudi? Nina watu kumi na watano wanaonitegemea. Wewe ni mmojawapo."

Nikasema sitasaini. Akasema nifikirie hadi mwisho wa mwezi. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulionitia hasira zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni, saini moja tu. Nafasi yangu iko wazi.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mabenchi mawili na nusu.

Jumatatu, 24 Machi

Mabenchi matatu. Niseme ukweli hapa, maana kama siusemi hapa nitausemea wapi: uongo unafanya kazi. Watu wanasoma mlangoni, wanatikisa kichwa, wanaingia. Mama mmoja aliniambia pole kwa kufanya kazi na mtu kama yule. Nami nilinyamaza. Kwa siku sita sasa hakuna anayeutazama mkono wangu ninapoandika, na nimeona raha. Hiyo raha naionea aibu, lakini niliiona.

Jumatano, 26 Machi

Nimeichukua kalamu. Mkurugenzi alikuwa ametoka, nakala ya karatasi ile iko mezani kwake, nikasema acha nimalize, maisha yaendelee. Nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu, "m" yenye mkia. Nilipouona mkia ule nikaikumbuka simu ya mwalimu kwenye kioo. Nikaiweka kalamu chini. Kwa hiyo sasa kuna "m" moja pale chini ya uongo, na ni yangu.

Jumamosi, 29 Machi

Nilikwenda kumwona Sista Mkubwa. Meza yake haina nguo za watoto. Tangu tangazo wajawazito wamekoma kuja, na jirani yake tangu miaka ishirini iliyopita alimtuma mtu kuchukua kadi yake ya kliniki aliyokuwa amemwachia. Nilitegemea atalia. Alikuwa anang'arisha sufuria kwa nguvu hadi nikaogopa itatoboka.

"Mwanangu, mimi nimeshika siri za mji huu tangu hujaolewa," alisema. "Wengine wanaopita hapa wakitazama pembeni, nawajua hadi mimba walizozificha. Sijawahi kufungua mdomo. Sasa niambie, na wewe unaujua ukweli, kwa nini umenyamaza?"

Nilisema sijasaini. Akasema hakuniuliza kama nimesaini.

Nimetembea hadi nyumbani chini ya mvua bila kufungua mwavuli.

Jumatatu, 31 Machi

Mwisho wa mwezi. Nimemwambia Mkurugenzi sisaini, leo wala kesho, na ile "m" naomba aifute. Akasema tutaona.

Jumanne, 8 Aprili

Mwalimu wa hesabu alisimama mlangoni akalisoma tangazo lote, polepole, kama anayesahihisha mtihani. Kisha akaja dirishani, na safari hii mabenchi matatu yalimsikia.

"Kurasa zina tarehe za Februari na Machi mwaka huu," alisema. "Muuguzi aliondoka mwaka juzi. Aliondokaje na kurasa ambazo zilikuwa hazijaandikwa?"

Swali jepesi kama lile na hakuna aliyekuwa ameliuliza, kwa sababu wote tulikuwa tunasoma majina, hatusomi tarehe. Alinitazama. Nikafungua mdomo, na Mkurugenzi akatoka ofisini kwake akasema suala liko kwa wahusika. Mwalimu akaitika kwa kichwa, akaondoka. Kabla ya saa sita nilihesabu watu kumi na mmoja walioinuka wakatoka kwenye mvua bila kutibiwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Benchi moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna mtu. Mabenchi manne ya bluu, safi, kama dukani. Mama wa maabara anafuma. Bonyeza amelala.

Mwezi uliopita waliona tumewavujishia majina, wakakasirika, lakini wakarudi. Sasa wameona tumewadanganya. Nilimsikia mwanamke mmoja barabarani akimwambia mwenzake kwamba kama wanasema uongo kuhusu karatasi, kwenye damu yako watasema nini. Sikugeuka. Ningegeuka ningemwambia una haki, dada.

Jumanne, 15 Aprili

Nimelifungua daftari. Ukitoa waliojirudia, wako watu mia mbili sitini na mmoja katika kurasa zile, na mwezi mzima hakuna aliyempigia hata mmoja wao. Tulibandika karatasi mlangoni tukangoja waje kuisoma.

Leo nimewapigia kumi na wanne. Nawaambia hivi: mimi ni karani wa masjala, jina lako na namba yako na chumba ulichokwenda vimesambaa, niliyepiga picha ni mimi, aliyepokea ni mtu aliyeuziwa laini ya zamani ya muuguzi wetu, na muuguzi hana kosa lolote. Kisha nanyamaza nipokee nitakachopewa.

Watano wamenitukana. Wawili wamekata. Mzee mmoja alinifariji mimi, na hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia. Wabaya zaidi ni wanne ambao walikuwa hawajui. Mmoja alisema taratibu, "Kumbe ndiyo sababu," kisha hakusema ni sababu ya nini.

Alhamisi, 17 Aprili

Jumla sitini na wawili. Mvua kubwa, siwasikii vizuri wanaponitukana, inabidi niwaombe warudie.

Mkurugenzi alisimama mlangoni pa masjala. Akauliza nani ameniruhusu.

"Majina niliyaandika mimi," nilimwambia.

Akasema nitaimaliza kliniki. Nikamwonyesha mabenchi.

Jumatano, 23 Aprili

Jumla mia moja na themanini.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimefika mia mbili sitini na mmoja saa nne asubuhi. Saa tano nimepewa barua: nimesimamishwa kazi hadi itakapoamuliwa vinginevyo, kwa kutoa taarifa za ndani bila idhini. Nimeisoma mara mbili nikicheka. Mwaka mzima nilitoa taarifa bila idhini ya mtu nikasifiwa.

Mume wangu akauliza tunafanyaje. Nikasema kesho nakwenda kliniki kama kawaida. Akaniuliza nitakwenda kama nani, maana kazi sina. Nimemwambia nitakwenda kama mtu ambaye halali usingizi tangu tarehe 11 Machi.

Jumanne, 29 Aprili

Nilivaa gauni langu zuri. Dirishani wamemweka mama wa maabara, anashika kalamu yangu kama kijiko. Aliponiona akadhani nimekuja kuchukua vitu vyangu.

Nilimwambia jina langu, ingawa analijua. Namba yangu, ingawa anayo. Akaniuliza kwa sauti ya chini chumba gani.

"Namba nne," nilisema, na sikusema kwa sauti ya chini.

Nikakaa benchi la kwanza, katikati, uso kwa mlango, sina mtandio wala gazeti. Wapita njia waliangalia ndani, nami niliwaangalia. Nilikuwa peke yangu kwa saa nzima, na niliogopa, nakiri.

Mshauri aliponiita nilizungumza dakika arobaini. Sikujua kwamba nina maneno mengi hivyo.

Jumanne, 6 Mei

Nimerudi. Benchi la kwanza. Saa mbili na nusu akaingia Sista Mkubwa, nguo yake ya kazi nyeupe, imepigwa pasi hadi inakata. Hajakanyaga humu tangu sherehe yake. Alisoma tangazo linalomhusu, neno kwa neno, akaenda dirishani, akajiandikisha chumba namba tatu, sindano. Akaja kukaa kando yangu.

"Ninaumwa mgongo," aliniambia. "Wewe ndiye uliyenibebesha mzigo, haya, usogee nikae vizuri."

Nikasogea. Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya picha za ukutani na mama wa maabara. Sikuitia sukari. Nilisema nilinyamaza siku ishirini na nane nikijua. Akasema alizihesabu. Kisha akanishika mkono, ule wa kuandikia, akauweka juu ya goti lake.

Mkurugenzi alitoka ofisini akatukuta hivyo. Alitaka kusema jambo, akamwangalia Sista Mkubwa, ambaye ndiye aliyemhudumia marehemu mkewe miezi ile ya mwisho, mlango umefungwa. Akarudi ndani.

Jumanne, 13 Mei

Mvua inapungua. Sisi wawili tena, na mwalimu wa hesabu amekuja na madaftari ya kusahihisha. Jumatatu ndiyo siku yake, lakini amesema Jumanne hii benchi lina watu wazuri zaidi. Akatuambia wanafunzi wake waliandika tena CHUMBA 4 ubaoni wiki iliyopita, naye badala ya kufuta akaandika chini yake saa za kufungua na kufunga. Baada ya kipindi mmoja wao alibaki nyuma kumuuliza kama watoto nao wanapokelewa.

Saa nne Mkurugenzi akatoka tena. Amekonda, sikuwa nimeona. Akaenda mlangoni akalibandua tangazo kwa kucha, polepole, likitoka vipande vipande. Kisha akaja mbele ya benchi, akasimama mbele ya Sista Mkubwa kama mtoto aliyeitwa, akamwambia alijua tangu mwanzo kwamba siyo yeye. Sista Mkubwa akamjibu kwamba hilo anataka alisome mlangoni, kwa sababu uongo ulikaa mlangoni.

Mkurugenzi akanigeukia. Akaniomba niandike mimi tangazo jipya, kwa mkono, kwa kuwa watu sasa wanaujua mwandiko wangu na watauamini.

Nikamwambia nitaandika, lakini saini ni yake peke yake.

Nikachukua kalamu dirishani, nikaandika yote: picha, grupu, laini, mwaka mzima, muuguzi hana kosa, tangazo la kwanza lilikuwa uongo na tulijua. Ukurasa mmoja. Mkurugenzi alisoma, akarudia kulisoma neno "tulijua", akasaini.

Jumatatu, 19 Mei

Nimerudishwa kazini. Benchi moja, watu wawili. Vikaratasi vinapelekwa kwa miguu, dakika kumi na moja. Sista Mkubwa amepata mjamzito mmoja, anasema anatosha kuanzia.

Jumatatu, 26 Mei

Jua. Sakafu imekauka kwa mara ya kwanza tangu Machi. Mume wangu amepita kukaza misumari ya mabenchi, nikamwambia hakuna anayeyachakaza. Akasema anayatayarisha.

Benchi moja, watu watatu. Wa tatu ni mwanamke nisiyemfahamu. Alisoma tangazo hadi mwisho, akaja dirishani, akaitazama kalamu yangu kabla ya kunitazama mimi.

"Wewe ndiye wa zile picha?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Nyuma yake mlango ulikuwa wazi na angeweza kuondoka. Nikainuka, nikazunguka, nikaufunga, nikarudi kukaa.

"Chumba namba nne," alisema. "Andika."

Nikaandika.